Jina Nililolitia Motoni

Kambi yetu ya wasichana ilifanyika likizo ya mwezi wa sita, katika parokia moja nje kidogo ya Sumbawanga, na anayeijua Ufipa mwezi huo hahitaji kuelezwa baridi. Tulilala madarasani, magodoro yamebanana sakafuni. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto wa Milanzi, mtaa wa Sumbawanga, na nilijiona wa mjini kweli kweli.

Godoro la jirani yangu lilikuwa la msichana kutoka Kipili, kule ziwani. Kwao walimpa mfuko wa migebuka mikavu, mchango wa jikoni, na ingawa samaki walishapelekwa kwa mpishi, harufu ilibaki kwenye nguo zake. Nikamwomba Sista anihamishe. Sista akakataa. Nikanuna, na mimi nikinuna nanuna kwa bidii.

Jumatatu asubuhi Sista alileta kofia yenye vikaratasi vya majina yetu. Ukishaokota jina, wewe ndiye malaika wa mwenye jina hilo: unamtendea wema kila siku kwa siri, na Jumamosi unajitaja mbele ya wote. Nikakunjua changu. Ni yeye, wa Kipili. Kati ya wasichana wote wale! Nikapita jikoni, nikakitia kikaratasi motoni, nikaendelea na maisha yangu.

Na maisha yangu yalikuwa matamu, maana malaika wangu alikuwa hodari. Nilikuta blanketi limekunjwa, viatu vimepigwa rangi, mara karanga kwenye mfuko wa sweta. Kila jioni baada ya chai tulikaa kwenye nyasi kusimulia malaika walivyotutendea. Jumatatu ile, yule wa Kipili alisema tu, "Wangu bado." Baadhi yetu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Jumanne akasimulia, akitabasamu, kwamba amekuta maua ya njano juu ya godoro lake. Jumatano, maua tena, na shuka limenyooshwa. Nilishangaa. Kisha, aibu iliyoje, nikaona wivu: nani huyu anayeingilia kazi yangu? Nikajiambia basi, kama mtu kajitolea, mimi sidaiwi kitu.

Alhamisi, wenzetu wakiwa bado wanakunywa uji, nilirudi kuchukua sweta. Kupitia dirishani nikamwona yuko peke yake, amepiga magoti, anapanga maua kwenye godoro lake mwenyewe. Alirudi nyuma kidogo, akayatazama, akarekebisha moja lililoinama. Halafu akatokea mlango wa pili, akaenda kuungana na wenzake, na walipoingia wote nikamsikia akisema, "Jamani, malaika wangu kapita tena!"

Sijawahi kujichukia kama asubuhi ile. Msichana yule alikuwa anajitengenezea malaika ili asionekane mtu asiyetakiwa, na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Ijumaa niliamka kabla ya kengele, nikaenda jikoni.

"Shikamoo, mama. Naomba maji ya moto, ndoo moja."

"Marahaba. Kwani unaumwa?"

"Si yangu, mama. Ni ya mwenzangu."

Mpishi alinitazama, akachota. "Haya. Lakini msije mkazoea."

Sisi wa huku juu tulioga maji ya baridi kwa kupiga kelele tu, yakaisha. Yeye, aliyezoea joto la ziwani, alikuwa akitoka bafuni midomo inatetemeka. Niliiweka ndoo mlangoni mwa bafu la mabati, nikabandika karatasi yenye jina lake, nikajificha nyuma ya tangi. Alisoma. Akatumbukiza vidole, akavitoa, akavitumbukiza tena. Safari hii hakumwita mtu. Na jioni, zamu yake ya kusimulia ilipofika, alisema leo hana la kusema.

Jumamosi malaika walijitaja mmoja mmoja. Zamu yangu ikafika. Angesema ukweli tu, kwamba nililomtendea wiki nzima ni ndoo moja tu, kambi yote ingenijua. Nilisimama mbele yake nikasema, "Ni mimi."

Yeye akawageukia wenzetu. "Tangu Jumanne malaika wangu hakukosa hata siku moja," akasema, nao wakapiga makofi.

Tulipokuwa tunafunga mizigo nikamsogelea. "Kwa nini umenisitiri? Yale maua hayakuwa yangu."

"Najua." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ningesemaje? Kwamba nilikuwa najiwekea mwenyewe?"

"Nisamehe."

Alikunja shuka lake. Akauliza, "Na ile ndoo? Ilikuwa yako kweli?"

"Yangu."

"Basi mmoja alinikumbuka," akasema.

Nililia pale pale, katikati ya magodoro, na aliyenibembeleza mpaka gari la Kipili lilipopiga honi alikuwa yeye.