Alikataa Kufunika Masikio Kazini, Kanisani Tukasikia Yote

Admin, nifiche vizuri maana hapa Majengo tunajuana hadi rangi za mapazia. Mimi ni mama wa miaka 36, mzaliwa wa kijiji cha Kate, nimeolewa hapa Sumbawanga mjini, nina watoto watatu. Mume wangu anaranda mbao kwenye karakana ya mtu. Ile mashine ikiwashwa, hata sisi tunaopita barabarani tunaacha kuongea. Yeye anashinda nayo kutwa, masikio wazi kama mlango wa baa.

Mwaka juzi alianza kulalamika kuwa masikio yanamlilia kama nyenje. Nikampeleka hospitali. Daktari akamweleza taratibu kwamba usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi, ila uliobaki unaweza kulindwa, kwa hiyo afunike masikio kila mashine inapowaka, na asijidanganye na pamba. Nikauza ulezi wangu, nikamnunulia vile vifuniko vikubwa vinavyofanana na hedifoni. Bwana mkubwa akavipokea kwa vidole viwili. Akasema kazi ya mwanaume ina kelele, na wenzake watamwita bibi harusi. Mwenzake wa mashine ya pili huvaa vya kwake kila siku na hakuna aliyemwoa. Vyangu vilivaliwa nyumbani tu, mimi nikianza kuongea. Anajifunika, anaegemea kochi, anatabasamu. Huyo ndiye kichwa cha nyumba.

Mtu asiyesikia hajui kwamba anapiga kelele. Akawa anamwamkia mama yangu shikamoo kama anafukuza nyani shambani. Watoto wakinyamaza kwa aibu, yeye anadhani ni heshima.

Jumamosi moja ya Kwaresima tulikwenda kuungama. Alitangulia yeye, mimi nikabaki kwenye foleni na akina mama wa jumuiya yetu. Akaanza kwa sauti ya kawaida, yaani kawaida yake. Tukasikia kila neno: ana mwanamke kule kijijini Mwimbi, amezaa naye, na zile safari za kwenda kutazama mbao zilikuwa za huko. Nadhani Padre alimwomba apunguze sauti, maana tulimsikia mume wangu akiuliza, "Unasemaje, Baba?" Kisha akarudia yote kwa sauti kubwa zaidi, ili Padre asikie vizuri.

Akina mama waliinamisha vichwa kama wanaosali. Mmoja alinishika mkono. Mume wangu akatoka uso unang'aa, mtu aliyesamehewa, akaniuliza mbona siingii. Sikuungama siku ile. Nilichokuwa nacho moyoni nilikuwa bado nakihitaji.

Mama mmoja wa jumuiya ameniambia kuwa ya kwenye kitubio hayasemwi, hata na aliyeyasikia kwa bahati mbaya. Nimenyamaza miezi sasa. Yeye bado anakwenda kazini masikio wazi, na juzi ameniambia, "Jifunze kutoa sauti, mke wangu. Siku hizi unanong'ona sana." Nilimtazama nikaona hata hasira simwonei tena, namdharau tu. Kinachoniuma ni yule mtoto wa Mwimbi, ambaye hana kosa, na wanangu hawajui kama yupo.

Ndugu zangu, naombeni ushauri wa kweli. Nikimwambia kwa sauti ya chini, hasikii. Nikimwambia kwa sauti atakayoisikia, wanangu watasikia kila kitu chumba cha pili. Nifanyeje?