Watoto wa Gunia Langu

Shule sikusoma sana, lakini duka langu la vitu vya kuchezea hapa Burumba linajulikana, na kwa maneno hakuna wa kuniweza. Juzi mpakani nilimwambia dada wa forodha kwamba gunia langu si biashara, ni zawadi za watoto wangu.

Akatoa kayamba. "Ya nani, mzee?"

"Ya wa miezi sita. Anapenda kutikisa."

"Na haya matofali ya mbao?"

"Ya kaka yake wa miaka mitatu. Huyo ni wa kujenga."

Mdoli wa kitambaa nikampa anayeogopa kelele. Dada akanisifu, baba anayejua watoto wake.

Nyuma yangu kwenye foleni mtu akakohoa. Alikuwa mke wangu, tuliyezaa naye binti mmoja tu, na sasa yuko chuo.

"Baba Nekesa," akauliza polepole, "hao wengine mama yao ni nani?"