Mama Aliyebandua Nailoni Jikoni

Wasomaji wangu, Jumanne nilikuwa nasubiri bodaboda hapa Somanda, jirani akaninong'oneza kwamba yule mama wa makabati hatunaye tena; ameugua wiki chache tu, akatutoka. Bodaboda ilipofika nikamwambia dereva aende zake. Nikakaa kwenye ngazi ya duka, nikalia, halafu, mnisamehe, nikajikuta natabasamu. Mtu aliyeshindana na mafuta yaliyoganda kwenye majiko ya Bariadi, akashinda, huwezi kumlilia tu ukaishia hapo.

Kazi yake ilikuwa kusafisha na kurekebisha makabati ya jikoni. Alitoka Zagayu kwenye mashamba ya pamba, akaja mjini na bisibisi moja, vitambaa vikavu na ndoo ndogo ajabu. Walimcheka, wakimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. "Mayu, kufuta kabati nako ni kazi ya kumwita mtu?" Yeye hujibu, "Kama si kazi, mbona la kwako linanuka?" Hapo kicheko kinahamia upande wake.

Nilimfahamu siku ambayo shangazi yangu alikaribia kuaibika. Kesho yake ng'ombe wa mahari ya binti yake walikuwa wanaletwa, na akina mama wa upande wa bwana harusi wangeingia jikoni kupika pamoja nasi. Shangazi ni mjane. Kabati lile alilinunua kwa pamba ya misimu miwili, na ndilo lilikuwa jibu lake kwa mashemeji waliosema hatafika popote. Sasa lilikuwa linanuka, mlango mmoja unaning'inia kama sikio la mbuzi, na fundi alishasema litupwe. Shangazi alikuwa analia tangu alfajiri.

Yule mama akaitwa, akaingia, akatoa mwangaluka yake, salamu yetu ya asubuhi, akapitisha ukucha kwenye mlango. Kumbe nailoni ya kiwandani ilikuwa bado imebandikwa! Shangazi hakuwahi kuitoa, kama wengi wetu huku, ili kabati libaki jipya. Chini yake moshi wa mkaa, mvuke wa ugali na mafuta ya dagaa wa Lamadi vilikuwa vimejipenyeza, na mende wameshahamia na familia zao.

"Usitoe hiyo, mayu!" shangazi akapiga kelele. "Wakwe watajuaje kuwa ni jipya?"

"Jipya gani lina harufu ya dagaa wa mwaka juzi?"

"Na likichubuka?"

"Likichubuka, kesho nichinjeni mimi, mbuzi wa wageni apone."

Akaibandua. Chini yake mlango ukatokea mweupe, unang'aa, na shangazi akafuta machozi. Mabaki ya gundi yule mama aliyalainisha kwa mafuta kidogo ya kupikia, akafuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, akakausha palepale. Tundu la skrubu lililopanuka akalijaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi, akaacha zikauke, ndipo akakaza bawaba. Mimi kwa bidii zangu nikaja na ndoo kubwa nimwagie kama tunavyoosha sakafu, akanizuia. "Wee! Huu ni unga wa mbao ulioshindiliwa. Ukiulowesha unaumuka kama andazi. Na kuanzia leo, mwenye mkono wa maji asiguse mlango huu."

Kesho yake mama mmoja wa wakwe alifungua mlango, akafunga, akafungua tena. "Hili mmenunua wiki hii?" Shangazi alipiga kigelegele peke yake, ng'ombe hata hawajaonekana barabarani.

Mimi naota jiko langu mwenyewe, mnajua. Ila siku hizi nawaza sana jinsi tunavyonunua kitu kwa jasho, halafu tunaogopa kukigusa, tunakifunika mpaka kinaozea ndani ya upya wake. Yule mama hakuogopa. Alikitumia kitu, akakifuta, akakikaza kilipolegea.

Siku ya mazishi jikoni kwake kulijaa wanawake aliowahi kuwasafishia, wanapikia waombolezaji. Kabati lake lilikuwa la zamani kuliko yote tuliyonayo. Shangazi akanyoosha mkono achukue sahani, akasita, akaufuta kwenye kitenge chake, ndipo akafungua. Aliyemfuata akafanya hivyohivyo, na wa tatu. Kazi waliyoicheka sasa iko mikononi mwa mji mzima. Nami nikausukuma ule mlango kwa kidole kimoja kikavu, ukajifunga kimya.