Kufuata Mbegu ya Nshakara hadi Kamuli

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya jino la mtu. Ma Justa, mkulima wa Kamuli wilayani Kyerwa, alikuwa akila ndizi za kupika nyumbani kwake, akauma kitu kigumu, jino la mbele likakatika nusu. Kitu chenyewe kilikuwa mbegu. Afisa ugani alitutumia picha yake, na dokta wa maabara yetu ya migomba akaruka kitini kama aliyeumwa na siafu.

Niwaeleze kwa nini. Mgomba pori una seti mbili za kromosomu; ua likizigawa, kila upande unapata moja, na mbegu inatunga. Nshakara, mgomba wetu wa kupika, una tatu. Tatu ukiigawa kwa mbili hesabu inagoma, kwa hiyo tunda linanenepa bila mbegu. Raha kwa mlaji, balaa kwetu sisi tunaotaka kuuzalisha na mgomba pori ili ustahimili sigatoka, ugonjwa unaobabua majani. Miaka tisa nimepanda ngazi alfajiri kupaka chavua kwenye maua ya nshakara, na sijapata hata punje moja.

"Sehemu iliyobaki ya mkungu ule haijaliwa," dokta aliniambia. "Wahi."

Saa moja asubuhi basi likang'oa nanga. Omurushaka nilishuka, nikanywa chai, nikampigia Ma Justa.

"Mama, mkungu upo?"

"Upo waitu, mwanangu, nimeutundika juu ya jiko uive."

"Asiuguse mtu."

"Ataugusa nani?" akajibu.

Kutoka hapo nilipanda bodaboda. Dereva akauliza nafuata nini Kamuli. Nikamwambia mbegu ya ndizi. Alicheka mpaka pikipiki ikayumba. "Dada, ndizi haina mbegu. Kwani umesomea nini?"

Nikamjibu nimesomea hilohilo.

Saa nane mchana niliingia uani kwa Ma Justa. Alikuja kunipokea kanga ikiwa mdomoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Usinichekeshe, nina pengo. Mimi ndiye sauti ya kwanza kwaya ya Kilutheri, na sasa nikiimba haleluya inatoka filimbi."

Tukaingia jikoni. Juu ya jiko hapakuwa na kitu.

Nyuma ya nyumba tulimkuta mumewe, Ta Ponsiano. Ta ni baba, ndivyo wazee wanavyoitwa huku. Suruali ameikunja hadi magotini, amesimama ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi, anakanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi ili zitoe mramba, ile juisi ya kutengenezea rubisi, pombe ya ndizi.

"Ponsiano! Mkungu wa wataalamu uko wapi?"

"Wataalamu gani? Ulikuwa umeiva. Nimemenya, nimechanganya na zingine."

Nilikaa chini pale pale kwenye maganda. Miaka tisa ya ngazi, na mbegu zangu ziko chini ya nyayo za mzee. Machozi yalinitoka, sifichi.

Ta Ponsiano akanitazama kwa mshangao. "Mama, mbegu iliyovunja jino itavunjwa na kisigino changu?"

Sikuwa nimefikiria hilo, na shahada yangu yote. Alitoka gogoni, akachuja mramba, na sisi watu wazima watatu tukapiga magoti kupekua nyasi, unyasi mmoja baada ya mwingine, nyuki wakitutembelea usoni. Ma Justa akapata mbegu moja, nyeusi, ngumu kama kokoto. Nami nikapata moja. Ya tatu Ta Ponsiano aliikuta kati ya vidole vyake vya mguu.

Niliomba bakuli la maji, kwa kuwa mbegu tupu huelea. Yangu ikaelea. Ya Ma Justa ikaelea. Ile ya mguuni ikazama moja kwa moja. Mzee alifurahi kama aliyepata mjukuu, akanimiminia bilauri ya mramba. Niliunywa wote, huku nikijua fika ulipita wapi.

Jioni Ma Justa alinionyesha mhusika: mgomba pori kando ya ua, wenye maua mazuri, aliopewa na dada yake kama pambo. Popo huutembelea, kisha hutembelea nshakara.

"Kumbe popo wamefanya kazi yako," alisema.

"Tena bila ngazi," nikakubali.

Kesho yake nilirudi Bukoba, mbegu nimeifunga kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya chupa, chupa nimeipakata. Maabara tukatoa kiini, tukakilaza kwenye chakula chake. Wiki kadhaa baadaye kikachipua. Dokta akahesabu kromosomu: seti nne. Mama, nshakara, ametoa tatu zake zote bila kuzigawa; baba, mgomba pori, moja tu.

Kazi bado ndefu. Mche huu utazalishwa tena na wenye seti mbili ili tupate wajukuu wa seti tatu. Lakini safari ile ilinifundisha kwamba nshakara si tasa. Ni mimi niliyeamua hivyo, halafu nikawa siwaulizi tena wanaoupika kila siku.

Nilimpigia Ma Justa kumpa habari. Akasikiliza ile hesabu ya mama tatu, baba moja, akacheka kwa filimbi.

"Nyumba gani isiyo hivyo?"

Nikamwambia tungependa mche uitwe Justa.

"Ngojeni kwanza uzae, mpike, mwonje," alisema. "Ndizi ikiwa chungu, uiteni Ponsiano."