Nyongo Iliyomwagika kwa Dada

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba mtu akimwagikiwa na nyongo tumboni nyama yake yote hugeuka chungu, na mbu akimuuma huanguka hapohapo miguu juu. Habari hiyo niliipata sokoni Nachingwea na sikudai ushahidi. Mimi ndiye huitwa kuchinja kwenye shughuli za watu. Mbuzi niliowachuna wakipangwa mstari kutoka hapa wanafika kijiji cha Mtua na kurudi. Nyongo ikipasukia kwenye ini, hata ulioshe kwa mto mzima, paka atalikataa.

Basi, dada yangu wa Mbekenyera alitolewa kifuko cha nyongo kilichojaa mawe, kwa ule upasuaji wa matundu madogo, akarudi nyumbani anacheka. Siku si nyingi macho yakawa ya manjano, ngozi ikamwasha, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Hospitali wakamwambia mrija wa nyongo uliumia wakati wa upasuaji, nyongo inavuja. Aende Dar akatengenezwe.

Nilimkuta amekaa mkekani kando ya magunia ya ufuta.

"Mdogo wangu, wewe mchinjaji. Nyongo ikishamwagika, kuna kinachopona?"

Mimi, niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikibishana na kila mwalimu, nikatazama mkeka.

"Basi siendi," akasema. "Mropokaji kama wewe ukinyamaza, mambo yameharibika. Mtanizika hapahapa."

Ule ukimya wangu ulinitisha kuliko macho yake. Nikambembeleza turudi kwa daktari wa hospitali ya Ruangwa, kuuliza tu. Daktari alikuwa binti mdogo kwa umri. Nikamweleza yote, mbuzi na mbu. Alicheka, kisha akaacha.

"Baba, mbuzi wako ameshakufa. Huyu yu hai. Iliyovuja inatolewa, na mwili unajisafisha."

Dada akasogeza kiti. "Kwa hiyo naenda kutengenezwa, siendi kufa?"

"Kazi yenyewe si nyepesi, mama, sikudanganyi. Watapitia matundu madogo kama yale ya kwanza, wauunge mrija na utumbo, nyongo ipate njia. Nyama yako haijaharibika. Ukikaa nyumbani na manjano hayo, ini ndilo litakaloharibika."

Dada akanigeukia. "Basi kauze ule ufuta, tupate nauli ya Dar."