Mkuki Nyuma ya Maabara

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, nilikabidhiwa mashine yenye sumaku nzito, ya kupimia unyevu wa punje bila kuzisaga. Kila mchana niliirekebisha kwa kichupa cha maji ambacho upana wake niliujua. Nguvu ya sumaku ilitakiwa kupanda sawasawa toka upande mmoja hadi wa pili. Ikipanda hivyo, kalamu ya mashine ilichora kilima kilichosimama wima katikati ya karatasi.

Siku tatu mfululizo, ikifika saa tisa, kilima kiliinama upande wa ukuta wa nyuma. Nikatoka nje nimefura. Mzee mmoja mfugaji alikuwa amesimama nyuma ya maabara, mkuki wake ameuegemeza ukutani. Chuma, karibu na sumaku yangu! Nilimfokea bila hata shikamoo, mimi niliyelelewa Bashay na mama ambaye angenichapa kwa hilo.

"Baba yangu amelala hapa," alisema taratibu. "Huwa nakuja kumsalimia. Kaburi lake mlilisawazisha kwa trekta, mkidhani ni kichuguu."

Akachukua mkuki wake, akashika njia ya Dirma. Hakurudi tena.

Kesho yake saa tisa ukuta ulikuwa mtupu, na kilima kikainama vilevile. Nilikagua nyaya, nikabadilisha maji, nikavua hata saa ya mkononi. Mwishowe, huku nikiona haya, nikaugeukia ukuta.

"Shikamoo."

Kalamu ikarudi katikati.

Miaka yote niliyobaki pale, sikuwahi kupima kabla ya kusalimia.