Habari ya Maji Haikatwi Katikati

Kazi yangu Garsen ilikuwa kukusanya habari za mto Tana na kuziingiza kwenye kompyuta, ili mafuriko yakija yasimkute mtu usingizini. Mkubwa wetu, mgeni kutoka Nairobi, alikuwa ameunda kundi la WhatsApp, akawatia humo wafugaji Waorma na wakulima Wapokomo, akaamini amemaliza kazi. Nilimwambia kwamba Mworma habari humpa mtu uso kwa uso, na kwamba kijijini kwetu, sisi Wapokomo, mambo ya mto husemwa kwanza na wazee wa ukoo mmoja, wengine wote hunyamaza. Akanijibu kuwa watazoea. Walichozoea ni kutumiana picha za maua na kutakiana Ijumaa njema.

Asubuhi moja akaingia ofisini mzee mfugaji aliyetoka juu ya mto, matope yamemfika magotini. Kuyaona tu yale matope, nikainuka kitini, maana mahindi ya mama yangu yalikuwa shambani ukingoni kule Ngao, yamekomaa, yanangoja kuvunwa. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chake cha mwaka. Nikamuuliza mzee maji yamefika wapi.

Aliketi, akaanza habari pale inapoanzia: nyumbani kwake, malisho, ndama aliyezaliwa, mgonjwa aliyepona, watu aliokutana nao njiani. Alipofika kwa mkwe wake nikashindwa kuvumilia, nikauliza tena maji yako wapi. Akanitazama kwa upole unaokera kuliko matusi.

"Habari yangu umekata," akasema. "Sasa mimi naanza tena."

Na kweli akaanza tena, ndama na yote. Nikauma meno nikasikiliza. Mwishowe maji yakafikiwa: ameyaona kwa macho yake, yamemeza njia ya ng'ombe, yanakuja huku chini kwa kasi, na wenzake wameshahamisha mifugo.

Nikaandika kundini. Mkubwa, aliyekuwa kwenye warsha Malindi, akauliza picha iko wapi. Mzee hakuwa na simu ya kupiga picha. Basi mkubwa akaagiza nifute mpaka habari ithibitishwe, nami nikafuta huku nimefura. Warsha yenyewe, kama mnataka kujua, ilihusu namna ya kuwafikishia wananchi habari mapema.

Nikampigia mama. Akauliza nani kasema. Nikamwambia ni mfugaji mmoja. Akauliza kama wazee wa ule ukoo wameshatangaza. Nikamwambia, mama, maji hayawangoji wazee. Akasema yeye hatakuwa wa kwanza kuvuna, kijiji kizima kimwone amejifanya msemaji wa mto, akakata simu. Nilipiga tena, na tena. Nilipaza sauti mpaka watu wa duka la jirani wakaja kuchungulia. Siku ile sikutoka ofisini, kwa kuwa mkubwa alitaka ningoje simu ya uthibitisho. Haikupigwa.

Maji yalikuja. Nilipofika Ngao kesho yake, wazee walikuwa ndiyo kwanza wametangaza, na mama alikuwa shambani, maji kiunoni, anavunja mahindi ambayo bado yalionekana na kuyatia mtumbwini. Mengine yote yalikuwa chini. Nikaingia nikavunja naye, na mdomo wangu haukutulia: nikawasema wazee, nikamsema mkubwa, nikamsema yule mfugaji na ndama wake, halafu nikamgeukia yeye mwenyewe. Mbona nilimwambia mapema akakataa?

Mama alitupa hindi ndani ya mtumbwi bila kunitazama.

"Uliniambia kwa simu," akasema. "Mwanangu akijua kweli maji yanakuja kunilia chakula, anabaki ofisini?"